Kesi za talaka zinafia ofisi ya kata

Mhariri,

Likitajwa suala la msaada wa kisheria katika ndoa, mawazo ya wengi hukimbilia kwa wakili na hakimu. Sisi wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya kata tunalitazama kwa upande mwingine. Kesi za talaka tunazoziona zikitupwa huwa zimeshaharibika kabla mtu hajakanyaga mahakamani, na kinachoziharibu ni karatasi moja: hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, yaani chombo cha kata au cha dini kinachojaribu kuwapatanisha wanandoa.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema hakuna ombi la talaka litakalopokelewa mpaka mgogoro uwe umepelekwa kwanza barazani, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati yenyewe iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya ombi kufunguliwa. Mahakama za juu zimeshafuta mwenendo mzima wa kesi kwa kasoro hii, ikiwemo talaka iliyokwisha kutolewa na mali iliyokwisha kugawanywa. Mama anaambiwa arudi barazani akaanze upya, wakati nyumba imeshabadilisha mmiliki mara mbili.

Makosa ni yale yale. Kubwa kuliko yote ni baraza kuandika barua ya utambulisho badala ya hati: "Tunawaleta kwenu wanandoa hawa, tunaomba muwasaidie." Barua hiyo haithibitishi chochote. Kinachotakiwa ni Fomu Namba 3 ya kanuni za mabaraza za mwaka 1971, au maandishi yanayobeba yale yale: nani alilalamika, lini pande mbili zilisikilizwa, baraza liliona nini, na kwamba usuluhishi umeshindikana. Neno "umeshindikana" lisipoonekana, wakili wa upande wa pili hahitaji hoja nyingine.

Kosa la pili ni muhuri na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa kikaoni. Baraza la kata likikaa kusuluhisha ndoa, lijitambulishe hivyo kwenye hati, si kugonga muhuri wa mtendaji na kuishia hapo. Sheria inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Hati iliyosainiwa na katibu peke yake, kwa sababu wajumbe walikuwa msibani, inamtafutia mwananchi balaa. Mabaraza ya Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na ya makanisa nayo yasijione yamesalimika. Tumeziona hati zao zisizo hata na tarehe ya kikao.

Kisha kuna mwenza asiyefika. Sheria imelifikiria hilo: aliyeitwa akakaidi kwa makusudi hawezi kumfungia mwenzake mlango. Lakini ukaidi lazima uthibitishwe. Wito uwe wa maandishi, nakala ibaki jaladani ikiwa na saini ya aliyepokea. Akikataa kusaini, mwenyekiti wa mtaa aandike hivyo na atie tarehe. Simu iliyopigwa na katibu haiachi ushahidi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko, au ambaye kipigo kimefanya kukaa meza moja na mumewe kuwe hatari: anaweza kwenda mahakamani bila hati, ila sababu lazima ziandikwe ndani ya ombi na ziwe na uthibitisho, kama PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali) au taarifa ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Wengine hukosea kwa kufanya zaidi ya walichotumwa. Baraza halitoi talaka wala haligawi mbuzi. Linaweza kuambatisha mapendekezo kuhusu matunzo, watoto na mali, basi. Vilevile mwanamke wa Kiislamu aliyeandikiwa talaka na mumewe asidhani amemaliza. Karatasi ile pekee haimpi mgawanyo wa mali; mahakama hugawa mali inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Kwa hiyo barazani atapita, na mahakamani atapita.

Hati ikishakaa sawa, kazi inahamia kwenye mali. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Hilo halina maana kwamba kusema "tulichuma wote" kunatosha. Tunamkalisha mteja tukaandika kila mali peke yake: ni ipi, ilipatikana mwaka gani, nani alitoa nini, nani alishuhudia. Daftari la vikoba, hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, risiti za bati na saruji, miamala ya simu, vyote vinaingia. Penye shida zaidi ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe. Hapo mapema kabisa mtafute ushahidi wa nani alipewa ardhi ile na kwa masharti gani. Na kama kuna dalili ya nyumba ya ndoa kuuzwa, zuio kwa msajili wa hati lisisubiri kesi. Kifungu cha 59 kinamkataza mwenza kuiuza bila ridhaa ya mwenzake.

Jambo moja linalowachelewesha akina mama bure: matunzo ya mtoto hayasubiri talaka wala hati ya baraza. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka njia yake, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii na mahakama ya watoto. Nendeni na cheti cha kuzaliwa na orodha ya gharama halisi za mwezi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitutambua na ikatuwekea mipaka. Hatusimami mahakamani kama mawakili, na huduma yetu ni ya bure. Barazani hata wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu. Kwa hiyo ubora wa kinachotoka pale unategemea katibu wa baraza, mtu ambaye mara nyingi hajawahi kuonyeshwa fomu yenyewe.

Kwa hiyo tunaomba halmashauri zichapishe Fomu Namba 3 na kuzifikisha kila kata, na makatibu wafundishwe kuijaza, hata kwa nusu siku. Makarani wa mahakama nao waikague hati siku ombi linapoletwa: tarehe, majina ya wajumbe, saini, neno la kushindikana. Yenye kasoro irudishwe siku hiyo hiyo, isije ikagunduliwa kwenye rufaa.

Wasaidizi wa kisheria,
Morogoro