Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kambodia: wazee wa milima ya iliki waitwe darasani

Mheshimiwa Waziri,

Jikoni kwangu Tanga iliki haikosekani, iwe kwenye chai, pilau au vitumbua. Niliposikia kwamba nchini kwako kuna safu nzima ya milima, Krâvanh, yenye jina la kiungo hiki (yenu si ile ile yetu, ni binamu yake), nikataka kujua ni nani waliokuwa wakiichuma. Kumbe ni Wapear, Wasamre, Wachong na jamaa zao, watu wa msituni ambao zamani walilipa kodi ya mfalme kwa iliki.

Mnawaita Wakhmer wa asili. Jina zuri, lakini linaficha jambo: lugha zao si lahaja za Kikhmer, lugha kuu ya nchi yenu. Ni tawi lao wenyewe la Kiaustroasia, ukoo wa lugha ambao Kikhmer nacho kimo.

Chukua Kichong. Silabi hutamkwa kwa sauti ya kawaida, au ikaishia kwa mkwaruzo wa kooni, au ikatoka na pumzi nyingi, au ikaanza na pumzi ikamalizia kwa mkwaruzo. Njia nne, na maana hugeuka. Mwanangu aliposikia rekodi aliniuliza, "Mama, huyu babu ana mafua?" Hana, mwanangu. Ndivyo maneno yake yalivyo.

Wasa'och, jamaa zao wa pwani karibu na mji wa Sihanoukville, ndio wanaonitia hofu zaidi. Khmer Rouge, wakomunisti wa Pol Pot waliotawala kati ya 1975 na 1979, waliwang'oa kwenye ardhi yao na kuwakataza lugha yao. Wanaoisema kwa ufasaha wameripotiwa kuwa hawafiki kumi.

Wizara yako si ngeni kwa kazi hii. Kaskazini-mashariki, watoto huanza shule kwa lugha za makabila ya huko, Kibunong, Kitampuan na Kikreung, kwa herufi zilizotokana na za Kikhmer. Najua jibu litakalokuja: watoto wa Wapear wanazaliwa wakisema Kikhmer, hivyo hawahitaji kufundishwa kwa lugha nyingine. Kweli kabisa. Ndiyo maana siombi lugha ya kufundishia, naomba somo. Ng'ambo ya mpaka, Chanthaburi, Wachong wa Thailand walikaa na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Mahidol, wakakubaliana herufi kutokana na za Kithai, na mwaka 2002 Kichong kikaingia shuleni kama somo. Hawakusubiri wawe wengi.

Nisijifanye msafi. Bibi yangu alikuwa Mbondei. Akiumia, alilia Kibondei. Mimi nimebaki na salamu tu. Hakuna jeshi lililomkataza. Ni Kiswahili hiki hiki ninachokuandikia, shuleni, sokoni, redioni, mpaka akaona haya kutusemesha lugha yake. Alipofariki, hakuna aliyekuwa amemrekodi, na simu tulikuwa nazo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, Mheshimiwa. Kwenye vijiji vya mikoa ya Pursat na Kampong Thom, na huko pwani, kila alipobaki mzee anayesema, shule iliyo jirani impe saa mbili kwa wiki na posho yake. Akae naye mwalimu kijana mwenye daftari na kinasa sauti, na watoto wamsikilize, hata kama mwanzoni watacheka mkwaruzo wa koo lake. Muhula ujao, si mpango wa miaka mitano.

Wako,
Mama muuza vitumbua, Tanga