Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Mwaka 2024, Kanda ya Kati

Ndugu wanachama na wageni wetu waalikwa,

Kabla sijaingia kwenye taarifa, naomba tuwakumbuke ndugu zetu waliopoteza maisha jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Tuwakumbuke pia wale wa Katesh, wilayani Hanang, ambao familia zao zimetimiza mwaka tangu maporomoko ya tope ya 3 Desemba 2023. Kazi yetu ya kuhakikisha huduma za taasisi zinaendelea hata wakati wa dharura ina maana kwa sababu ya watu kama hao, na ningependa tusiisahau sababu hiyo pale tunapozama kwenye majedwali na fomu za tathmini.

Mambo ya fedha na ada yatasomwa na Mweka Hazina baada yangu, na orodha ya wanachama wapya anayo Katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nitatumia muda wangu mwingi kwenye jambo moja ambalo mwaka 2024 ulituonyesha wazi, tena zaidi ya mara moja. Mbadala tulioandika kwenye mipango yetu, yaani njia au kituo cha akiba cha kutumia huduma ikikwama, kwa sehemu kubwa, unategemea kitu kilekile ambacho tunaogopa kitaharibika. Naomba hili liongoze kazi yetu ya mwaka 2025.

Usiku wa Pasaka

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikakosa umeme. Kwa raia wa kawaida lilikuwa giza la usiku mmoja. Kwetu sisi wenye dhamana ya kuhakikisha huduma zinaendelea, ulikuwa mtihani ambao haukutangazwa, na baadhi yetu hatukufaulu.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya 2016, taasisi nyingi zimejenga makao makuu hapa na kubakiza ofisi za zamani Dar es Salaam kama kituo mbadala. Ukisoma mpango kwenye karatasi, unapendeza: umbali ni zaidi ya kilometa 400, hali ya hewa ni tofauti, majengo ni tofauti, hata watumishi ni tofauti. Lakini umeme wa Dodoma unaopita kituo cha kupoza umeme cha Zuzu na umeme unaowasha taa za Dar es Salaam ni wa gridi moja. Usiku ule makao makuu na mbadala wake vilizimika pamoja. Kilomita zile zote hazikutusaidia chochote.

Mwanachama mmoja, ambaye ofisi yake sitaitaja, alitusimulia yaliyowapata. Namshukuru kwa ujasiri wake, maana wengi wetu tungenyamaza. Jenereta yao iliwaka yenyewe kama inavyotakiwa na seva hazikuzimika hata kwa sekunde. Tatizo lilikuja baadaye. Tangi la jenereta lilikuwa na dizeli ya saa chache tu. Dizeli nyingine ilikuwa kwenye madumu stoo, stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao afisa ugavi aliyekwenda kwao Kondoa kula sikukuu. Simu yake haikupatikana. Kwenye kibanda cha mlinzi kulikuwa na karatasi ya namba za dharura, na namba ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekwishahamishwa kituo cha kazi. Fundi akachukua dumu tupu na kwenda vituo vya mafuta. Vituo viwili vya kwanza havikuwa vinauza, kwa sababu pampu ya mafuta nayo inataka umeme. Aliporudi mikono mitupu, wakavunja kufuli kwa nyundo.

Angalieni mlolongo huo vizuri. Jenereta ilikuwa nzima, dizeli ilikuwapo, na fundi wa kuijaza mafuta alikuwapo. Kilichokosekana ni ufunguo, ambao mpango wa kurasa nyingi haukuutaja hata mara moja.

Swali moja kwenye karatasi kubwa

Kutokana na simulizi hiyo, kamati ya mafunzo ilibadilisha kabisa namna ya kuendesha mazoezi ya mezani. Zamani tulikuwa tunaandika kisa, mathalani moto au mafuriko, kisha tunawauliza washiriki watafanya nini. Sasa tunachagua huduma moja, tunaiandika katikati ya karatasi kubwa ukutani, na tunauliza swali lilelile tena na tena: hiki kinategemea nini? Tunachora mishale hadi tunapofika mahali ambapo hakuna mtu mwenye jibu.

Katika zoezi la mwisho la mwaka tulichagua huduma ya kuwalipa wastaafu. Mishale ya kwanza ilikuwa ile tuliyoitarajia: mfumo wa malipo, mtandao, benki, umeme. Kisha dada mmoja wa masijala, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, akauliza vyoo vitakuwaje. Baadhi wakatabasamu, lakini alikuwa na hoja nzito. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yanapandishwa kwa pampu za umeme. Yakishafika, tangi la juu ya jengo lao nalo linajazwa kwa pampu, na pampu hiyo haikuunganishwa kwenye jenereta. Ghorofa lenye watumishi wengi na wateja wazee halifiki saa sita mchana bila maji. Seva zinaweza kuwaka vizuri kabisa na bado ofisi ikafungwa kwa sababu hakuna maji chooni. Mshale ule ulichorwa, na taasisi husika imeshaiunganisha pampu yake na jenereta. Gharama yake haikuhitaji hata kikao cha bodi.

Nasema hivi kwa msisitizo: tuwaite kwenye mazoezi yetu watu wa masijala, madereva, walinzi, mafundi na wahudumu wa usafi. Wao ndio wanaojua ufunguo uko wapi. Tukiendelea kukaa wenyewe wataalamu wa TEHAMA na wakaguzi wa ndani, tutaendelea kuandika mipango inayotupendeza sisi kwa sisi.

Mei na Julai

Jumapili ya 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini (nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari), EASSy na Seacom, ilikatika kwenye maji ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mkongo wetu wa Taifa wa nchi kavu haukuwa na shida, lakini njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa imebanwa.

Hapa napo mbadala wetu ulituangusha. Ofisi kadhaa za wanachama zinalipia kampuni mbili za intaneti, kwa nia njema kabisa ya kuwa na njia ya pili. Siku ile njia zote mbili zilizorota kwa pamoja, maana kampuni zote mbili zilikuwa zinanunua uwezo wa kusafirisha data kwenye mikongo ileile. Kuna jingine lililonishtua zaidi. Baadhi ya mifumo imehifadhiwa hapahapa nchini, na kwa kanuni ilipaswa kufikika bila kuvuka bahari. Haikufikika, kwa sababu hatua ya kuthibitisha jina na nywila ya mtumiaji hufanyika kwenye seva zilizoko ughaibuni. Mfumo upo Dodoma, mtumiaji yupo Dodoma, lakini ruhusa ya kuingia inatoka ng'ambo. Waliokuwa na afadhali ni wale wanaopokea malipo kwa menyu ya simu ya kawaida, ambayo haihitaji intaneti.

Kila mwanachama aulize kampuni zake za mtandao swali hili kwa maandishi: uwezo wenu wa kimataifa unapita kwenye mkongo upi, na ukikatika mnahamia upi? Jibu liwekwe kwenye faili la mkataba.

Julai ilikuja habari ya CrowdStrike. Ijumaa ya tarehe 19, kampuni hiyo ya Marekani ilitoa sasisho lenye kasoro la programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikashindwa kuwaka. Ndege zilikaa chini na hospitali zikaahirisha matibabu katika nchi mbalimbali. Huku kwetu wengi halikutugusa moja kwa moja, na tusijipongeze kwa hilo. Seva kuu na seva ya akiba zinazoendeshwa na programu moja hupokea sasisho moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo huugua pamoja. Tiba ilikuwa kuifikia kila mashine kwa mkono na kufuta faili moja. Lakini mashine ambazo diski zake zilifungwa kwa usimbaji, yaani data isisomeke bila namba ya siri, zilihitaji funguo za kuzifungulia, na kuna mahali funguo hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimezima. Ni ufunguo wa Kondoa uleule. Funguo za diski zichapishwe, zifungwe kwenye bahasha, zitunzwe kwenye sefu ya jengo jingine.

Wafanyabiashara wadogo

Chama chetu kimekuwa cha watu wa taasisi kubwa, na sidhani ni haki kuendelea hivyo. Kariakoo na Katesh walioumia kibiashara ni wenye maduka. Kwa mfanyabiashara mdogo, duka, stoo, daftari la madeni, risiti na mara nyingi fedha taslimu viko chini ya paa moja. Paa hilo likianguka au tope likiingia, anapoteza mali na ushahidi wa mali kwa mpigo mmoja. Hata akitaka kudai bima, au kumkumbusha mteja deni lake, hana karatasi.

Dodoma ina masoko makubwa sasa: Majengo, Job Ndugai, na eneo la wamachinga. Wenye maduka hawahitaji kiwango cha kimataifa ili kuanza. Wanahitaji kupiga picha kurasa za daftari kila Jumamosi jioni na kumtumia ndugu aliye mji mwingine, kupiga picha bidhaa na leseni, na kujua namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji bila kutafuta. Kikundi kidogo cha wanachama wetu vijana kimejitolea kupita masokoni na somo hilo, na ninaomba tuwape nauli na fulana bila kubishana sana kwenye kikao cha bajeti.

Barabara na reli

Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kuleta abiria Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na kwa kweli imetusogezea Dar es Salaam karibu. Nimeona mipango mipya inayosema kikosi cha dharura kitasafiri kwa SGR. Sawa, ila tukumbuke treni hiyo inatumia umeme. Ikiwa sababu ya kuhama ni kukosekana kwa umeme wa gridi, kikosi kiwe na gari na dereva pia. Wala barabara ya Morogoro isiwe tegemeo pekee. Mafuriko ya Januari 2014 yaliikata pale Dumila, na reli ya kati ya zamani ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, usafiri ukasimama kwa miezi. Dodoma ina bahati ya kuwa katikati: kuna lami hadi Iringa kupitia Mtera, hadi Babati kupitia Kondoa, na hadi Singida. Kwa maoni yangu, taasisi inayotafuta kituo cha pili ifikirie pia Iringa au Arusha, badala ya kurudi Dar es Salaam kwa mazoea tu.

Viwango na sheria

Kwa kifupi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22301 cha 2019, kinachohusu kuendeleza shughuli wakati wa dharura, kilipata nyongeza mwaka 2024 inayotaka kila taasisi iamue kama mabadiliko ya tabianchi yanaihusu. Kwa mkoa wenye msimu mmoja wa mvua na makorongo yanayofurika ndani ya saa moja, jibu letu linajulikana, tuliandike. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022, iliyofuta ile ya 2015, inatambua kamati za maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa, na ni wachache mno kati yetu wanaomjua mwenyekiti wa kamati ya mtaa ofisi ilipo. Wenye nakala rudufu nje ya nchi wasome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, kabla mkaguzi hajawasomea.

Mwaka 2025

Kamati ya utendaji inaomba mkutano huu uridhie mambo yafuatayo. Kila mwanachama afanye zoezi la mishale katika taasisi yake na kuleta karatasi moja tu, bila jina la taasisi akipenda, ili tujenge hazina ya pamoja ya mambo tuliyogundua tunayategemea bila kujua. Zoezi letu kubwa la pamoja lifanyike wiki ya 13 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Hatari za Maafa, kwa kuwa inatangulia mvua zetu zinazoanza Novemba, na tutaanza kwa kusoma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Safari hii zoezi litakuwa la kweli: swichi ya umeme itazimwa, jenereta itabeba mzigo wote siku nzima ya kazi, na maofisa wenye funguo watapewa likizo siku hiyo. Tunatafuta taasisi ya kujitolea kuwa mwenyeji. Atakayekubali amwone Katibu leo kabla ya chakula cha mchana.

Nawashukuru wajumbe wa kamati waliofanya kazi hii nje ya saa zao za ajira bila posho, wanafunzi wa vyuo vya hapa walioandika kumbukumbu za mazoezi yetu, na yule mwanachama aliyekubali kutusimulia habari ya ufunguo.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.