Janga likija wagonjwa wa akili msiwasahau

Mhariri, naomba kanafasi kidogo tu. Korona ilipoingia baadhi ya wodi za magonjwa ya akili zikageuzwa za korona, kliniki zikafungwa, watu wakaambiwa wapige simu, sasa mtu mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na hata simu hana atapiga vipi jamani? Shirika la Afya Duniani (WHO) walisema 2020 huduma za afya ya akili zilivurugika kwenye asilimia 93 ya nchi walizoziuliza. Halafu kuna klozapini, dawa ya skizofrenia, hiyo hupewi hivihivi, lazima damu ipimwe mara kwa mara maana inaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazokinga mwili, kwahiyo maabara ikifungwa mgonjwa anakosa dawa na anarudi kulekule alikotoka. Inaniuma sana. Sindano zao za dawa za kila mwezi zisikatishwe, manesi wawafuate majumbani, na chanjo ikifika wawe wa mwanzo.