Malalamiko kuhusu huduma mliyomuuzia mdogo wangu baada ya upasuaji

Kwa Mkurugenzi wa Huduma,
Kampuni ya Uuguzi wa Nyumbani,
Nairobi.

Bwana/Bi Mkurugenzi,

KUH: HUDUMA DUNI, KUANIKWA KWA SIRI YA MGONJWA NA MADAI YA KUREJESHEWA PESA

Mimi ndiye niliyetia sahihi mkataba wenu na ndiye ninayelipa ankara. Mgonjwa ni mdogo wangu wa kike. Barua hii ameisoma kabla sijaituma, akafuta sentensi kadhaa, akaniruhusu niseme zilizobaki. Kwa hivyo tafadhali msinijibu kwamba hamwezi kuzungumza nami kwa sababu ya usiri wa mgonjwa. Usiri huo mliuvunja wenyewe, na nitafika huko.

Alichofanyiwa mnakijua, maana mliitisha ripoti ya hospitali nami nikawaletea. Alipozaliwa aliandikwa mvulana. Ameishi kama mwanamke kwa miaka mingi, na mwaka huu alisafiri hadi Bangkok akafanyiwa upasuaji wa kujengewa uke. Alikaa huko takriban mwezi mzima karibu na daktari aliyempasua, mpaka mpira wa mkojo ukatolewa, shashi za ndani zikatolewa, na akafundishwa kutumia vipanuzi, yaani vifaa vya kuingizwa ukeni ili njia isijifunge. Ndipo akaruhusiwa kupanda ndege. Iliyobaki ilikuwa kazi ya nyumbani, na hiyo ndiyo niliyowalipa muifanye.

Kabla ya kulipa nilimuuliza mhudumu wenu wa simu waziwazi: mna muuguzi aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa aina hii, au angalau aliye tayari kusoma maagizo ya daktari na kuyafuata? Nikamwambia kama hamna, aseme tu, nitatafuta kwingine bila kinyongo. Akanijibu kwamba kidonda ni kidonda na wauguzi wenu wamesomea vyote. Siku hiyo hiyo nikatuma shilingi 84,000 kwa M-Pesa, malipo ya mwezi wa kwanza, pamoja na maagizo ya daktari. Maagizo yenyewe ni kurasa chache tu. Mtu anazimaliza kabla chai haijapoa.

Muuguzi wa kwanza alikuja na faili mkononi. Nina hakika aliifungulia sebuleni kwetu kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilimwona uso ukibadilika akiwa ukurasa wa pili. Akatoka nje kupiga simu, akarudi kuchukua mkoba, akasema ofisi itatuma mtu mwingine. Huyo simlaumu sana. Mtu akishindwa na kazi ni afadhali aondoke kuliko kubaki na kumshika mgonjwa kwa kinyaa. Ninaowalaumu ni nyinyi mliomtuma bila kumwambia anakwenda wapi. Na nawalaumu zaidi kwa jibu nililopewa nilipopiga simu: kwamba mgonjwa "ajikaze kidogo" aje kliniki yenu mjini, kwa kuwa kupata muuguzi mwingine kungechukua siku kadhaa. Mtu ambaye hata kitini anakaa kwa ubavu, mlitaka apande matatu na kurushwa kila penye tuta kutoka Eastlands hadi mjini.

Wa pili ndiye aliyebaki, na ndiye aliyenifanya niandike barua hii. Ni mama mtu mzima, mpole, mwenye salamu nzuri, na sina shaka alitaka kusaidia. Tatizo ni kwamba hakuisoma ile karatasi ya maagizo ya daktari hata siku moja. Alishakata shauri kwamba mdogo wangu ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, na akamhudumia kama mzazi. Akanituma nichemshe maji ili amkande. Nyinyi ni kampuni ya uuguzi, kwa hivyo mnapaswa kujua kwamba ngozi iliyohamishwa na kushonwa upya huchukua miezi mingi kabla ya kurudiwa na hisia sawasawa. Mgonjwa anaweza kuunguzwa na asijue. Nilipokataa, alinikumbusha kwa upole kwamba yeye amewakanda wanawake wengi kabla sijazaliwa. Kesho yake nikamkuta na chupa ya spiriti na pamba, anataka kusafisha mshono. Daktari ameandika maji safi na sabuni isiyo na manukato, kisha kukausha kwa kugusagusa bila kusugua. Maagizo hayo niliyatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili na kuyabandika ukutani, juu ya kitanda.

Lakini hayo yote nilikuwa nayazuia kwa sababu nilikuwepo. Kubwa lilitokea nikiwa kazini.

Nieleze kidogo kuhusu vipanuzi, kwa kuwa hakuna ofisini kwenu aliyeonyesha kwamba anaelewa. Uke uliojengwa kwa upasuaji ni kidonda cha ndani, na mwili haujui kwamba safari hii kidonda kinatakiwa kibaki wazi. Kazi yake ni kukifunga. Kwa hivyo kwa miezi 3 ya kwanza mgonjwa huyu ameagizwa aingize kipanuzi mara 3 kwa siku, nusu saa hivi kila mara, kwa jeli ya maji nyingi, akianza na kidogo na kupanda taratibu. Baadaye mara zitapungua, ila hataacha kabisa. Akiruka siku chache mwanzoni njia huanza kubana, na ikishabana sana dawa yake ni kurudi kwenye meza ya upasuaji. Inauma, inachosha, inakula siku nzima, maana kuna kuosha vifaa, kujiandaa, kulala, kujisafisha, na kabla hujapumua zamu nyingine imefika. Mtu aliye katika hali hiyo anahitaji pembeni yake sauti ya kumwambia, pole, vuta pumzi, bado dakika kumi.

Muuguzi wenu alimwambia aache. Alimwona analia, akamhurumia, akamwambia maumivu ni ishara ya mwili kukataa, apumzike mpaka apone ndipo aendelee. Mdogo wangu alikuwa amechoka, na daktari alishamwonya kwamba huzuni huja katika wiki za mwanzo hata kwa mtu aliyeusubiri upasuaji huo maisha yake yote. Basi akakubali. Mimi nikirudi jioni naambiwa kila kitu kiko sawa, na daftari lenu la huduma limewekwa alama ya vema kila mahali. Tulijua pale alipojaribu tena, kipanuzi alichokuwa amekizoea kikagoma. Usiku huo stima imepotea, tuko na tochi ya simu na mtandao wa kukatika, tunamtafuta daktari kwa simu ya video, na huko Bangkok bado hakujapambazuka. Daktari alipopatikana akatuelekeza turudi kwenye kipimo kidogo kabisa na kuanza upya. Namshukuru Mungu njia ilifunguka. Daktari wa hapa Nairobi aliyempima baadaye alikuta pia nyama nyekundu imeota kwenye mshono, akaichoma kwa nitrati ya fedha. Nyama hiyo huota kwa wengi na siwapi lawama yake. Lawama ni kwamba muuguzi alikuwa ameiona, akaifunika kwa shashi bila kumwambia yeyote.

Kifurushi chenu cha vifaa nacho kilikuja na kopo la mafuta ya mgando mahali pa jeli ya maji. Hilo napita, nilinunua jeli duka la dawa.

Sasa niseme kuhusu siri. Mlipokuwa mnatafuta mtu wa kuchukua nafasi ya muuguzi wa kwanza, mratibu wenu wa zamu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi. Aliweka jina la mdogo wangu, mtaa, namba ya nyumba, aina ya upasuaji, na picha ya ukurasa wa pasipoti yake ya zamani, akauliza nani yuko karibu. Ukurasa huo mliuomba mkisema ni wa bima. Nimeona ujumbe huo kwa macho yangu, na vicheko vilivyofuata, na sauti zilizorekodiwa. Nimeuona kwa sababu ulitoka kwenye kundi lenu, ukaingia kwenye kundi jingine, ukafika kwa msimamizi wa ploti yetu, ambaye alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kuniuliza kwa nini sikumweleza "ni mtu wa aina gani" ninayeishi naye. Kodi tunalipa kwa wakati, maji yakikatika tunapanga foleni kama wengine. Sikuona la kumweleza.

Tangu hapo mdogo wangu hatoki hata kwenye veranda. Daktari ameagiza atembee kidogo kila siku ili damu isigande miguuni. Anatembea kutoka jikoni hadi chumbani.

Na jina lile la pasipoti si jina lake. Alilibadilisha kwa hati ya kisheria, na nakala yake mliipokea siku ya mkataba. Bado ankara zenu zinakuja na la zamani. Nilipolalamika niliambiwa mfumo wa kompyuta hauruhusu. Mahakama Kuu ya nchi hii, mwaka 2014, iliamuru Baraza la Mitihani la Kitaifa limpe Audrey Mbugua, mwanamke ambaye kama mdogo wangu aliandikwa mvulana alipozaliwa, cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Kama baraza lenye vyeti vya nchi nzima liliweza kuamriwa kurekebisha, kompyuta yenu ya ankara itaweza.

Sheria mnaijua au mwanasheria wenu anaijua, kwa hivyo nitakuwa mfupi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda mtu dhidi ya mambo yake ya faragha kufichuliwa bila sababu. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na inamtaka anayezitunza amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 zikivuja kwa namna inayoweza kumletea mwenyewe madhara. Nilipouliza kama mmefanya hivyo, mratibu wenu aliniuliza Kamishna ni nani.

Kuna mmoja sitaki aguswe. Yule msichana msaidizi mliyemtuma wa kupika na kubeba maji alifanya kazi kuliko wote. Mgonjwa haruhusiwi kunyanyua zaidi ya kilo 5, na jerikeni ya lita 20 hupanda ngazi zetu kila maji yakikatika, yaani kila wiki. Hakungoja kuagizwa. Alipoambiwa kwamba choo kigumu ni hatari kwa mshono, alibadilisha chakula chote mwenyewe, papai asubuhi, ndengu na mboga za kutosha mchana, na chupa ya maji haikukosa kando ya kitanda. Siku ya kwanza aliuliza, "Dada, hapa mimi nifanye nini na nisifanye nini?" kisha akasimama mbele ya ile karatasi ya ukutani akaisoma yote. Hajasomea uuguzi. Nikisikia amefutwa kazi kwa sababu ya barua hii nitaandika nyingine, na hiyo haitakuja kwenu.

Nataka mambo yafuatayo. Mrejeshe shilingi 84,000 zote, kwenye nambari ile ile iliyolipa, pamoja na gharama ya daktari aliyempima na ya jeli. Risiti nimeambatisha. Picha ya pasipoti na ripoti ya hospitali zifutwe kwenye simu za wafanyakazi wenu na kwenye kompyuta zenu, isipokuwa kumbukumbu ambazo sheria inawalazimu kuzihifadhi, na hizo ziwe kwa jina lake sahihi. Mniandikie ujumbe ule ulisomwa na wangapi katika kundi lenu, na mratibu amechukuliwa hatua gani. Mdogo wangu aombwe radhi kwa maandishi, kwa jina lake.

Na mteja mwingine akipiga simu kuuliza kama mnaweza kumhudumia mgonjwa kama huyu, mhudumu wenu ajibu kweli. Neno "hatuwezi" lisingenigharimu chochote.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza. Kuhusu muuguzi aliyemwachisha mgonjwa matibabu aliyoagizwa na daktari, nitaandikia Baraza la Wauguzi.

Msitume mtu nyumbani kuja kuongea nasi. Msimpigie mgonjwa simu. Jibuni kwa barua pepe iliyo kwenye mkataba, na bahasha yoyote ikija isiwe na nembo ya kampuni yenu kwa nje.

Wenu mwaminifu,

Dada wa mgonjwa na mtia sahihi wa mkataba
(jina na nambari ya mkataba mnavyo)

Viambatisho: nakala ya mkataba, ujumbe wa M-Pesa, picha za daftari la huduma, picha za ujumbe wa WhatsApp, risiti za daktari na duka la dawa, nakala ya hati ya kubadili jina.