Tulishindwa na Tokyo kabla ya kufika Oregon

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wapenzi wa riadha tumelinyamazia mno: kwa nini Nairobi ilikosa kuandaa Mashindano ya Riadha ya Dunia ya 2025.

Septemba 2025 tulikaa macho usiku wa manane kumtazama Peres Jepchirchir akishinda marathoni kule Tokyo. Katika mashindano hayo wanawake wetu walitwaa pia dhahabu katika kila mbio kuanzia mita 800 hadi 10,000, kuruka viunzi na maji ikiwemo, na Emmanuel Wanyonyi akashinda mita 800 za wanaume. Jirani zetu Watanzania nao walipata dhahabu yao ya kwanza katika historia ya mashindano hayo kupitia Alphonce Simbu. Nilifurahi kama kila Mkenya, lakini nilikuwa na uchungu pia. Nairobi iliomba kuandaa mashindano hayohayo. Julai 14, 2022, baraza la Shirika la Riadha Duniani lilikutana Oregon, Marekani, likaipa Tokyo. Sisi, Singapore na Silesia ya Poland tukaambulia patupu.

Tangu siku hiyo nimesikia maelezo mawili tu: kwamba wakubwa hawaitaki Afrika, na kwamba Japani ina pesa. Sisemi hayana ukweli. Mashindano haya yalianza Helsinki mwaka wa 1983 na hayajawahi kukanyaga bara letu hata mara moja. Na shirika lenyewe lilitaja wazi vipimo vinne lilivyotumia: simulizi yenye mvuto, mapato kwa shirika, mji utakaoinua hadhi ya mchezo duniani, na hali ya hewa. Kwa hali ya hewa, nani angetushinda? Kwa simulizi, kuna ipi kubwa kuliko dunia kuja kukimbia nyumbani kwa wakimbiaji? Ila kwenye mapato, tiketi ya Nairobi haiwezi kuuzwa kwa bei ya Tokyo, na kipimo hicho kikibaki kama kilivyo, nchi tajiri zitaendelea kupishana zamu. Viongozi wetu wa riadha wana wajibu wa kulisema hilo hadharani kwenye vikao vya shirika.

Lakini hebu tujiangalie na sisi wenyewe. Tokyo ilikwenda na uwanja uliokamilika mwaka wa 2019, wa watazamaji takriban 68,000, ambao mashabiki walikuwa wamefungiwa nje yake wakati wa Olimpiki kwa sababu ya korona. Sisi tulikwenda na Kasarani, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, pamoja na ahadi.

Na ahadi zetu zinajulikana. Tulipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, tukashindwa kujiandaa, likaenda Afrika Kusini, na Afrika Kusini wakalibeba. Tulipewa CHAN ya 2018, kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Septemba 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatupokonya kwa sababu viwanja havikuwa tayari, na hali ya kisiasa baada ya uchaguzi kufutwa ikazidi kuwatia wasiwasi. Mashindano yakahamia Morocco, na Morocco wakatwaa kombe. Mtu anayeketi kuamua ombi la Nairobi haanzi kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu cha ombi. Anaanza na hayo.

Watetezi wa ombi letu hunikumbusha mashindano ya chipukizi ya 2017 na yale ya chini ya miaka 20 mwaka wa 2021, yote Kasarani. Ni kweli yalifana, na ya 2021 ndiyo yaliyotuonyesha Wanyonyi na Letsile Tebogo wa Botswana kabla dunia haijawajua vizuri. Lakini mashindano ya watu wazima huleta wanariadha karibu 2,000, maelfu ya wanahabari na saa nyingi za matangazo ya moja kwa moja. Kupaka rangi wiki mbili kabla ya wageni kufika hakutoshi hapo.

Ukitaka kuelewa ugonjwa wetu, nenda Iten, mji ambako wakimbiaji wetu wengi hufanyia mazoezi. Uwanja wa Kamariny, ambako mabingwa chungu nzima walikulia, ulifungwa ili ukarabatiwe. Kazi ikakwama. Kwa miaka kadhaa vijana wakawa wanateremka hadi uwanja wa chuo cha ualimu cha Tambach, wa udongo mwekundu, mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka ni vumbi, makundi makubwa yakipishana kwenye mzunguko mmoja. Hao ndio wanaotuletea dhahabu. Nchi iliyoshindwa kumaliza uwanja wa mazoezi wa mabingwa wake inamshawishi nani kwamba itamaliza mambo makubwa kwa wakati?

Tunaweza lakini, na ushahidi upo. Mwishoni mwa 2022 tulikuwa karibu kufungiwa kushiriki riadha kwa sababu ya visa vya pufya, yaani dawa zilizokatazwa za kuongeza nguvu. Serikali haikuitisha mkutano wa wanahabari na kuondoka. Iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kwa ajili ya kupambana na dawa hizo, na Kenya ikanusurika. Kiasi kilijulikana, muda ulijulikana, na aliyeahidi alijulikana. Ombi la kuandaa mashindano ya dunia linahitaji dhamana ya namna hiyo: iliyopitishwa na Bunge, yenye fungu lake katika bajeti, isiyobadilika waziri anapobadilishwa.

Nasikia tena minong'ono ya kuomba, na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Ila safari hii tusianzie kwenye hotuba. Wizara ya Michezo na chama cha riadha waombe alama ambazo Nairobi ilipata mwaka wa 2022 katika kila kipimo kati ya vile vinne, na wazichapishe magazetini, ili kila mlipa kodi ajue tulikosa wapi kabla hajaombwa kulipia ombi lingine.

Msomaji wako,
Eldoret