Barua ya wazi kwa Rais Azali wa Komoro: kura za Januari 14, 2024 zilihesabiwaje?

Mheshimiwa Rais Azali Assoumani, shikamoo.

Naandika kutoka Unguja, bibi yangu mzaa mama alikua Mngazija, mtu wa Komoro, na mpaka leo tuna ndugu huko Moroni, kwahiyo ya huko yakitokea na huku hatulali. Kwanza pole sana kwa lile la Septemba 13, 2024 pale Salimani, kuvamiwa kwako na kisu msibani hakuna wa kulifurahia hata awe anakupinga vipi.

Ila mheshimiwa mimi kuna kitu kimenikaa rohoni tangu mwezi wa kwanza wa mwaka 2024. Tume ya uchaguzi ilitangaza waliopiga kura ya urais ni asilimia 16 tu, na wewe umepata karibu 63. Siku chache mbele Mahakama ya Juu ikasema hapana, waliopiga ni asilimia 56 na wewe una 57. Sasa hao wote katikati hapo walikua wapi? Siku ileile, vituo vilevile, watu walikua wanachagua na magavana, yani mtu apange foleni juani apige ya gavana halafu ya rais aiache? Nani alikosea kujumlisha, na zile karatasi za kila kituo ziko wapi?

Matokeo yalipotangazwa watu waliandamana, ikawekwa kafyu. Usiku huo khalati yangu wa huko, dada yake mama, alinitumia voisi, ananong'ona utadhani askari yuko sebuleni, madirisha kafunga yote lakini moshi wa matairi umeingia hivohivo na mjukuu wake namsikia anakohoa. Mwezi wa pili kikaja kipindupindu, tena na boti iliyotoka huku kwetu Tanzania, akawa anachemsha mpaka maji ya kusukutua. Yule askari kijana aliyekuvamia na kisu nae kafia selo kesho yake tu, kabla hata hajafika mahakamani.

Halafu Desemba 2024 kimbunga Chido kikaipiga Maore (Mayotte), kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, walipo ndugu zetu kibao waliovuka na vikwasa, vile viboti vidogo, toka kisiwa cha Nzwani wakawa wanaishi kwenye vibanda vya mabati. Ulitangaza maombolezo wiki nzima, kwa hilo nakushukuru kwa dhati, umewahesabu kua ni watu wako.

Januari 12, 2025 ukafanyika na uchaguzi wa wabunge. Hata sasa nakuomba toa matokeo ya ile kura ya urais ya kituo kwa kituo, yabandikwe misikitini, yabandikwe soko la Volovolo, kila mtu ajisomee. Khalati alipiga kura, picha ya kidole chake chenye wino ninayo kwenye simu, na anataka kujua yake iliingia kwenye ile 16 au kwenye hii 56.