Mwandikeni Theresa Harris kwa jina lake

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu sinema za kale za Hollywood nimeisoma kwa furaha, ila kuna mtu mmemruka. Mmemsifu mwigizaji Barbara Stanwyck kwa sinema ya Baby Face ya mwaka 1933, na sifa hizo ni haki yake. Lakini mwenzake anayedandia naye treni ya mizigo kwenda New York mmemwita "mtumishi mweusi", basi. Yule ni Theresa Harris.

Itazameni tena. Lily ndiye Stanwyck. Baba yake anataka kumfukuza kazi Chico, ambaye ndiye Harris, na Lily anamjibu kuwa Chico akiondoka, naye anaondoka. Katika Marekani ya ubaguzi wa rangi, urafiki wa namna hiyo kati ya mwanamke mweupe na mweusi ulikuwa nadra mno kuonekana kwenye sinema.

Harris alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1906, akasomea muziki huko California. Alikuwa na sauti ya kuimba na uso unaosema hata akinyamaza. Pamoja na hayo, kwa karibu miaka 30 Hollywood ilimvalisha aproni. Sinema ya 1937, Bargain with Bullets, iliyotengenezwa kwa ajili ya watazamaji weusi, ilimpa nafasi ya mbele, na wakati huo alisema waziwazi kwamba studio kubwa hazikuwa na lolote kwake zaidi ya utumishi.

Kazi zake nzuri zimo katika sinema za bei nafuu, zile fupi zilizoonyeshwa pamoja na sinema kubwa kwa tiketi moja. Mwongozaji Jacques Tourneur alimtumia katika Cat People (1942) na I Walked with a Zombie (1943), zote za kitengo cha mtayarishaji Val Lewton pale studio ya RKO. Katika hiyo ya pili anamwamsha muuguzi kwa kumgusa kidole cha mguu, kisha anamweleza kwamba amegusa mahali palipo mbali zaidi na moyo ili asimshtue. Maneno machache tu, lakini anayasema kwa upole unaomfanya mtu atamani kisa kihamie kwake.

Tourneur akamwita tena kwa Out of the Past ya 1947. Robert Mitchum, akiwa mpelelezi, anamfuata klabu ya usiku kumuuliza habari za bibi aliyekuwa akimtumikia, ambaye ametoroka. Safari hii Harris hana aproni. Kapendeza, kaketi na mwenzi wake, na anajibu bila kunyenyekea. Anasema bibi kaenda Florida, ila mkono ulikuwa ukimuuma kwa chanjo. Mpelelezi anang'amua papo hapo: kwa Florida mtu hachanjwi, kwa Mexico huchanjwa. Safari yote inayofuata inaanzia kwenye jibu hilo, na jina la aliyelitoa halimo katika orodha ya waigizaji wa sinema hiyo. Hili linaniuma kweli.

Alifariki mwaka 1985. Mwaka 2011 Lynn Nottage, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, alitoa tamthilia iliyochochewa na maisha ya Harris, kwa hiyo huko kwao wameanza kumkumbuka.

Ombi langu, Mhariri: toeni makala nyingine inayomhusu yeye, yenye picha yake. Na kila mnapoandika juu ya sinema za enzi zile, tafuteni majina ya waliofungua milango na kubeba sinia, myachapishe.

Msomaji wenu,
Tanga